Waraka unaokuja nusu

*Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Nyaraka hunifikia kwa WhatsApp, zimechelewa au kurasa hazijatimia. Nitajuaje zilizo sahihi?*
*– Mwalimu, Dodoma*

Wasiwasi wako una msingi, Mwalimu. Sera hutoka Wizara ya Elimu, usimamizi wa shule uko TAMISEMI. Waraka hupitia halmashauri na kata, na hukwama njiani. Tazama kumbukumbu namba, tarehe na saini. Visipoonekana, usitekeleze kwanza. Mpigie Afisa Elimu Kata, uombe nakala kamili. Ichapishe, iweke kwenye jalada, wasomee walimu.

Waraka wa 2021 wa kuwarejesha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo usikosekane kabisa kwenye jalada hilo: mkuu asiyeujua humfungia mlango binti aliyejifungua. Maagizo mawili yakigongana, omba ufafanuzi wa maandishi kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia Afisa Elimu.