Mafahali wa Durham: Mwongozo kwa Mgeni Atakaye Ushabiki

Mgeni azuruye Marekani, akitamani kuuona mchezo wa besiboli, aghalabu huelekezwa New York, Boston au Chicago, katika viwanja vya ligi kuu ambamo tiketi, chakula na maegesho ya siku moja huweza kuukausha mfuko wa baba mwenye watoto wawili, naye akishalipa yote hayo huketishwa juu kabisa, akawatazama wachezaji kama atazamaye siafu kutoka dirishani. Mimi nasema, bila ya kumwomba mtu radhi, aiache miji hiyo na ashike njia ya Durham, katika jimbo la North Carolina, mji wa wastani ulioneemeka kwa tumbaku, wenye timu iliyoasisiwa mwaka 1902 na ambayo baadaye ilijitwalia jina la Bulls, yaani Mafahali, kutokana na chapa mashuhuri ya tumbaku ya mji huo.

Kabla ya yote sharti mgeni afahamu anampenda nani. Chini ya ligi kuu zipo timu 120 zilizopangwa katika madaraja manne, na wachezaji wake si mali ya miji wachezamo, bali ni waajiriwa wa timu za juu ambazo huwapandisha na kuwashusha zipendavyo. Durham imo katika daraja la juu la ligi hizo ndogo, liitwalo Triple-A, na tangu mwaka 1998 imekuwa ikiwalea vijana wa Tampa Bay Rays ya Florida. Kwa hiyo mrushaji aliyekufurahisha Jumanne huenda Alhamisi asiwepo, si kwa kuumia wala kwa kukosa adabu, bali kwa kuwa ameitwa juu. Timu hii ilitwaa ubingwa wa daraja lake wa taifa zima mwaka 2009, ikautwaa tena 2017, 2021 na 2022, walakini hakuna mwaka ambao shabiki angeweza kuapa kwamba kikosi cha Aprili ndicho kitakachomaliza Septemba. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa bara letu kucheza katika ligi kuu, alitia saini mwaka 2008 na hakuufikia mlango huo ila Aprili 2017. Miaka yote ya katikati aliipitisha katika madaraja haya, na mwisho katika timu ya Indianapolis, ambayo imo ligi moja na Durham. Basi aketiye hapa huwaona watu walio baina ya tamaa na riziki, na hilo kwangu lina ladha kuliko kuwatazama matajiri waliokwisha kufika.

Sasa nije kwenye adha, nayo ni usafiri. Uwanja wa ndege umewekwa katikati ya Raleigh na Durham, yaani si huku wala si huku. Mabasi yapo, lakini hukulazimu kushuka na kungojea jingine njiani, na mwenye masanduku na watoto atajuta kabla hajauona mji. Teksi za kuitwa kwa simu hupatikana upesi wakati wa kuja, ila mchezo umalizikapo na maelfu ya watu wakaishika simu kwa pamoja, bei huruka bila ya haya, na dereva akubaliye huweza kughairi akiwa pembe ya pili ya barabara. Zaidi ya hayo ni hila ya wenye hoteli. Nililala katika moja ambayo tangazo lake lilijigamba kuwa iko karibu na uwanja, na kweli kwa ndege ilikuwa karibu, bali kwa mwanadamu mwenye miguu miwili palikuwa na barabara kuu ya magari katikati, isiyo na kivuko wala njia ya waendao kwa miguu, hata nikalazimika kulipia gari kwa safari ambayo mtoto angeikimbia. Kwa hiyo tazama ramani kwa jicho la mtembeaji, ulipe ziada kidogo ulale katikati ya mji, na ikiwa watoka Charlotte au Raleigh panda garimoshi: kituo chake kimo ndani ya ghala kuukuu la tumbaku, na kutoka hapo uwanja hufikiwa kwa matembezi ya kiasi.

Tiketi nazo zina fitina yake. Bei uionayo kwanza mtandaoni siyo utakayoilipa, maana huongezwa ada ya hili na ada ya lile mpaka mwisho. Ukiwa mjini tayari, uliza dirishani uwanjani kama ada hizo huepukika. Chukua kadi ya benki, kwani viwanja vingi vya nchi hiyo siku hizi hukataa fedha taslimu, noti ikawa karatasi tu mkononi mwako. Uwanja huchukua watu wapatao 10,000, na katikati ya juma huwa na nafasi tele, hivyo usinunue chochote kwa mtu asimamaye njiani. Uliza pia viti vipi hutangulia kupata kivuli, kwa sababu jua la Julai huko halina huruma, na alasiri radi huweza kuusimamisha mchezo saa nzima.

Watu watakwambia habari za filamu. Iliitwa Bull Durham, ilitoka mwaka 1988, naye Kevin Costner alikuwamo, na hadi leo wapo wageni wafanyao safari kwa ajili yake tu. Iliigizwa katika uwanja wa zamani, ambao timu iliuhama mwaka 1995; ukipita njia hiyo upe dakika kumi, zaidi ya hapo ni kuipoteza siku. Usiku wa fataki nao niuache kwa wenye watoto, maana umati hujaa wa watu wasiojua ni nani anayerusha. Lakini bango la fahali, ingawa asili yake ni filamu ile ile, nalisamehe: limesimama juu ya ukuta wa buluu wa upande wa kushoto, wenye kimo cha futi 32, na mpigaji wa nyumbani apelekapo mpira nje ya ukuta, macho ya fahali huwaka mekundu, mkia hutikisika, na moshi humtoka puani. Ampigaye fahali mwenyewe hupewa nyama ya kuchoma. Apigaye majani chini yake hupewa saladi.

Nenda Jumanne au Jumatano, uketi nyuma ya mdakaji. Hapo utaona jambo ambalo daraja hili lililijaribu kabla ya ligi kuu: mpigaji asiporidhika na uamuzi hugonga kofia yake ngumu kwa kidole, bila ya neno hata moja, na kiwambo kikubwa huonyesha njia ya mpira, nayo mashine humhukumu mwamuzi mbele ya watu wote. Karibu nami aliketi bibi mmoja mwenye daftari na penseli, akiandika kila mrusho. Mpigaji aliyetolewa kwa kupunga gongo hewani aliandikiwa K, na aliyesimama tu akautazama mpira ukipita aliandikiwa K iliyogeuzwa nyuma. Aliniambia, “Mwanangu, huyu wa pili ndiye wa kuonewa haya.” Jifunze kuandika hivyo, kwa duru tatu utaujua mchezo kuliko kwa vitabu.

Jumatatu timu hupumzika kwa kawaida. Siku hiyo tembelea mtaa wa Parrish, ambako Wamarekani Weusi walijijengea benki na kampuni ya bima ya North Carolina Mutual, iliyoasisiwa mwaka 1898, katika zama ambazo milango ya wengine ilikuwa imefungwa kwao.

Dukani usinunue shati lenye jina la mchezaji, japo muuzaji atakusifia vipi, kwani kabla hujalifua mwenye jina huenda yuko Florida au ameuzwa kwa wengine. Nunua kofia yenye herufi D ambayo fahali anairukia katikati.