Mali ya Wengi

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 hivi. Ukifuata njia hiyo utaona maduka, vinu vya unga, magari ya mizigo na maghala ya kahawa. Kila kazi ya namna hii huleta faida. Lakini faida inakwenda kwa nani? Duka moja ni la mtu mmoja. Ghala la jirani pengine ni la wakulima wengi, walioliweka kwa fedha zao wenyewe. Kwa nje mali hizi zinafanana. Leo tutajifunza kuzitambua.

1. Mkulima aliye peke yake

Tumtazame mkulima wa kahawa asiye na wenzake. Shamba lake liko juu, upande wa Lubero au wa mlima Ruwenzori. Mtoto wake anaugua, na hospitali inataka malipo. Kahawa ingali maua. Baba anamwendea mchuuzi na kumwuzia kahawa ambayo haijazaa bado. Mchuuzi anampa fedha kidogo. Siku ya mavuno mchuuzi anakuja na magunia, anachukua kahawa yote. Baba amelima mwaka mzima, na nyumbani hakuna kitu.

Mwingine anaogopa wezi. Basi anavuna mbivu na mbichi pamoja na kuanika chini, juu ya udongo. Kahawa hiyo ina ladha mbaya, na bei yake ni ndogo. Kwa miaka mingi kahawa nyingi ya kwetu ilivushwa mpaka kwa magendo, ikauzwa Uganda kwa bei ya chini.

Wakulima hawa si wavivu. Lakini mtu peke yake hana mashine, hana ghala, wala hajui bei ya Ulaya. Wazee husema: Kidole kimoja hakivunji chawa.

2. Wakulima waliounganika

Upande wa Ruwenzori, katika eneo la Beni, wakulima wa kahawa waliunda koperative, ndiyo kusema chama cha ushirika. Waliiita Kawa Kanzururu. Jina hilo linakumbusha theluji ya Ruwenzori. Wanachama wana vituo vidogo vya kuoshea kahawa, karibu na mashamba yao.

Tazameni kazi ya kituo. Mkulima analeta matunda mekundu tu. Matunda yanatiwa majini. Yale mabovu yanaelea, yanaondolewa. Mashine inamenya ganda la nje. Kahawa inaachwa ichachuke, kisha inaoshwa kwa maji safi. Mwishoni inaanikwa juu ya vichanja, mbali na udongo. Kila mkulima anapimiwa kilo zake, na kilo hizo zinaandikwa daftarini.

Kahawa ya wengi ikikusanywa pamoja inajaza magunia mengi. Mnunuzi wa mbali hawezi kuja kwa ajili ya gunia moja. Kwa ajili ya magunia mia tatu atakuja, au ataandika barua. Ndipo wakulima wanapoweza kusema bei.

Si kahawa tu. Mjini Butembo iliundwa COOCENKI, inayounganisha koperative za wakulima wa vyakula katika Kivu ya Kaskazini.

3. Maswali matatu ya kutambua

Mtu akisema, «Hii ni mali ya watu wote», msisadiki mara moja. Ulizeni maswali matatu.

*La kwanza: Nani mwenye mali?* Katika koperative kila mwanachama ametoa hisa yake, na jina lake limeandikwa.

*La pili: Nani anaamua?* Tangu mwaka 2012 Kongo yetu iko katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria yake ya koperative inasema: mtu mmoja, kura moja. Mwenye hisa kumi hampiti mwenye hisa moja katika mkutano.

*La tatu: Faida inakwenda wapi?* Sehemu inawekwa akiba, kwa kutengeneza mashine na kungojea mwaka mbaya. Sehemu nyingine wanachama wanaweza kurudishiwa, kwa kadiri ya kilo walizoleta.

Desturi hizi ni za zamani. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, mafundi wachache maskini walichanga fedha na kufungua duka dogo. Waliuza unga, siagi na sukari, kwa mizani ya haki. Duka lao likawa mfano kwa dunia nzima.

4. Mambo ya kuangalia

Duka la mtu mmoja si jambo baya. Wachuuzi wa Butembo wamejenga sehemu kubwa ya mji wao. Lakini faida ya mali ya mtu mmoja ni yake; faida ya mali ya wengi inaingia katika nyumba nyingi.

Koperative nayo inaweza kufa. Inakufa viongozi wakificha hesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Inakufa pia mwanachama akimwuzia mchuuzi kahawa yake usiku, na kituo kikakosa kazi. Na hata koperative nzuri haiwezi yote. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa eneo la Beni wameuawa, na wengine wamekimbia mashamba yao. Pasipo amani kahawa inaoza mtini.

Basi, mtoto anayejua kusoma na kuhesabu ana kazi tayari. Baba au mama akirudi kituoni na karatasi ya kilo zake, msomee, mhesabie. Haki ya nyumba yenu iko katika karatasi ile.

Maneno

*Hisa*: fedha anazotoa mwanachama ili awe na sehemu katika mali.
*Magendo*: biashara ya kificho isiyolipa kodi.
*Kichanja*: meza ya miti ya kuanikia.

Maswali

1. Kwa nini mkulima anauza kahawa ingali maua? Anapata hasara gani?
2. Taja kazi za kituo cha kuoshea kahawa kwa utaratibu.
3. Mtu mmoja ana hisa 10, mwenzake ana hisa 1. Kila mmoja ana kura ngapi?
4. Chagua duka, kinu au ghala moja la kwenu. Uliza maswali matatu ya somo hili, kisha andika majibu.

Hesabu

1. Wakulima 40 wanatoa hisa ya faranga 20,000 kila mmoja. Wamepata faranga ngapi?
2. Kilo 5 za matunda hutoa kilo 1 hivi ya kahawa kavu yenye ganda. Mama ameleta kilo 250 za matunda. Atapata kilo ngapi za kahawa kavu?