SOMO LA SHAMBA: MCHE WA KUBEBESHWA

Ndugu wafanyakazi wa mashamba na viwanda vya chai na sukari hapa Uganda,

Wengi wetu tunakaa kambini lakini tuna kipande cha ardhi nyumbani, iwe Kigezi, Bunyoro au ng'ambo ya mpaka, Rwanda na Kongo. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo, na mwili ukichoka kilo hupungua. Siku ya kustaafu yafaa ukute nyumbani kitu kinachozaa. Kwa sababu hiyo somo letu leo ni miti ya matunda, kama wanavyofundisha mabwana shamba na mafundi wa vitalu.

Jambo la kwanza ni mche. Mwembe wa mbegu hukaa miaka 5 hadi 8 kabla ya kuzaa; uliobebeshwa huanza mwaka wa 3 au wa 4. Tena mbegu ya parachichi (wengine tunasema ovakado) haina uaminifu: unapanda ya tunda tamu, unavuna la maji maji.

Kubebesha si uchawi. Chukua mche wa mbegu wenye unene wa kalamu ya risasi. Tafuta mti mzima unaozaa vizuri, ukate kijiti cha ncha chenye macho yaliyovimba, unene uleule. Kata kichwa cha mche, kiasi cha sentimita 20 hadi 30 kutoka udongoni, upasue katikati sentimita 3 au 4. Chonga kijiti kama kabari, ukiingize. Hapa ndipo wengi huharibu: ule utando mbichi ulio chini ya ganda la kijiti lazima uguse utando wa mche, walau upande mmoja. Ukikosa, kijiti kitakauka. Funga kwa utepe wa plastiki, funika kwa mfuko mwembamba, weka kivulini. Baada ya majuma 3 hadi 6 macho huchipua, nawe unaondoa mfuko. Kisu kiwe kikali na safi. Kisu cha jikoni kiacheni jikoni.

Kama unanunua, angalia sana. Wako wauzaji njiani wanaouza mche wa mbegu kwa bei ya uliobebeshwa. Tazama shina: ni lazima uone kovu la maungio. Shina laini toka chini hadi juu, usitoe pesa. Kituo cha utafiti cha Kawanda, karibu na Kampala, kina wataalamu wa matunda. Kamati ya tawi inaweza kuwaandikia barua kuuliza juu ya miche na mafunzo.

Shimo liwe futi 2 kwenda chini na futi 2 kila upande. Udongo wa juu uuweke kando, uuchanganye na samadi iliyooza, kisha uurudishe. Maungio yabaki juu ya udongo, yasifukiwe. Machipukizi yote yanayotoka chini ya maungio yaondoe, maana hayo ni ya mche wa mbegu na yatakunyang'anya mti. Maembe yakiachana mita 10 kila upande, eka moja huchukua miti 40. Miaka ya mwanzo panda maharage katikati. Parachichi usilitie penye maji yanayotuama, mizizi huoza.

Adui mkubwa wa maembe ni nzi wa matunda aliyetoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na Uganda mwaka 2004. Hutaga mayai ndani ya tunda. Usiache maembe yaliyooza chini ya mti: yafukie shimo la nusu mita au zaidi, au yafunge katika mfuko mweusi uuache juani. Jirani naye afanye hivyo, la sivyo unamfugia nzi naye anakufugia.

Sasa swali ambalo wenzetu huuliza mikutanoni: je, nipande kambini? Nyumba ni ya kampuni, na mti ulioota ardhini hauchukuliki siku ya kuhama. Msipande kwa ahadi ya mdomo ya msimamizi. Tawi lidai neno hilo liandikwe katika mkataba wa pamoja: nani anavuna, na fidia ni kiasi gani mti ukikatwa au mtu akiondolewa. Mpaka liandikwe, lea miche yako katika mifuko ya plastiki nyuma ya nyumba, na ukienda likizo kabla ya mvua za Machi au za Septemba, uipakie ndani ya basi uende nayo.