SOMO LETU: MGONGO ULIOPINDA KIDOGO



Mama mmoja hapa Langas alituuliza mbona sare ya binti yake inaning'inia upande mmoja. Majirani walishamwambia ni mitungi ya maji. Wengine, ati amelogwa. Si kweli yote mawili.

Mwili umeshikanishwa na nyuzi, kama vile kamba zinavyoshika fito za nyumba. Wako watu waliozaliwa na nyuzi dhaifu. Ugonjwa mmoja wa namna hii huitwa Marfan, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1896. Mwenye nao huwa mrefu, mwembamba, vidole virefu, viungo vimelegea. Zaidi ya nusu yao mgongo hupinda. (Si kila mtoto mrefu anao, jamani. Uasin Gishu warefu ni wengi!)

Mwangalie mtoto hivi. Avue shati, aunganishe viganja, ainame mbele bila kukunja magoti. Wewe simama nyuma yake. Ukiona mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za upande wa pili, mpeleke apigwe eksirei.

Daktari hupima kwa digrii. Kuanzia 10 mpaka 25 hivi mpindo ni mdogo, na kwa kawaida huangaliwa tu kila baada ya miezi kadhaa. Lakini nyuzi zikiwa dhaifu unaweza kuongezeka upesi mtoto anapobalehe, kwa hiyo tarehe ya kurudi isikosekane hata kama haumwi. Ukizidi hapo na bado anakua, huenda akavalishwa mkanda mgumu. Upasuaji hufikiriwa kwenye digrii 45 au 50.

Wakandaji wetu tunawaheshimu, ila mgongo huu usivutwe wala kukanyagwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mgongo ndio unaoonekana, lakini hatari kubwa iko moyoni. Kwa mwenye Marfan, mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni hupanuka polepole bila maumivu, na ukipasuka mtu aweza kufa ghafla. Ukijulikana mapema kuna dawa za kuupunguzia nguvu ya damu. Macho nayo yapimwe. Basi mkifika Hospitali ya Rufaa ya Moi, msiulize habari za mgongo peke yake. Ulizeni: "Daktari, na moyo je, utapigwa picha?"

Yule mama hakuwa na pesa za vipimo. Kikundi kimekubali zamu yake ya chama iletwe mbele, apokee mwezi huu.