Mali Inatoka kwa Nani? Kutafsiri Harusi ya Kihindi kwa Msomaji wa Mangina

Makala haya yanahusu tatizo la tafsiri. Ukipewa maelezo ya Kifaransa kuhusu harusi ya Kihindi, ukaambiwa uyaweke katika Kiswahili kitakachoeleweka Mangina, utakuta sehemu kubwa ya kazi ni nyepesi kuliko ulivyodhani. Hina ina jina lake, manjano yana jina lake, na wageni na vyakula vyao wana majina pia. Neno litakalokuangusha ni fupi kuliko yote, nalo utalitafsiri bila hata kufungua kamusi. Neno hilo ni *dot*.

1. Harusi ya siku nyingi si ajabu kwetu

Msomaji wa Mangina hahitaji kuelezwa kwamba watu wanaweza kuoana kwa siku kadhaa. Kwetu Wanande, kuna kwanza ndoa ya kienyeji, ambapo wazee wa pande mbili huketi, kasiksi ikipita, na kuhesabu mbuzi, *esyombene*. Kuna ndoa ya serikali, na kuna ndoa ya kanisa. Siku hizo tatu zinaweza kubanwa katika wiki moja au kuachana kwa miaka, kutegemea bei ya kakao na hali ya barabara ya kwenda Beni.

Harusi za Kihindi nazo haziko mbali kama ramani inavyoonyesha. Kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao, lakini wafanyabiashara, hasa wa Gujarat, waliendelea kuja na kufungua maduka hadi Uganda. Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Baadaye baadhi yao walirejea. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitaja ndoa ya Kihindu kwa jina, pamoja na ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila na ya Kiislamu. Kwa hiyo mfano wangu ni harusi ya Wahindu wa asili ya Gujarat, kama inavyofanyika Nairobi au Kampala.

2. Siku na majina yake

Mpangilio hutofautiana kati ya familia na familia, lakini hatua kuu ni hizi:

*Mehndi.* Bibi harusi huchorwa hina mikononi na miguuni. Kiswahili kinalo neno tayari, kwa sababu pwani nako bibi harusi hupakwa hina. Tafsiri: siku ya hina.

*Pithi* (kwa Kihindi *haldi*). Ndugu humpaka bwana au bibi harusi uji wa manjano ili ngozi ing'ae. Tafsiri: kupaka manjano.

*Garba.* Usiku wa kucheza kwa kuzunguka duara. Hapa wageni huingia kwa wingi, na asiyejua hatua hufundishwa papo hapo. Ni jina la ngoma, kwa hiyo tuliache lilivyo: ngoma ya garba.

*Mameru.* Zawadi zinazoletwa na ndugu wa kiume wa mama. Angalia mtego: kwa Kigujarati mtu huyo anaitwa *mama*! Mfasiri asiyejua ataandika kwamba mama ameleta zawadi, kumbe ni mjomba.

*Jaan* (kwa Kihindi *baraat*). Msafara wa bwana harusi na watu wake kuelekea mahali pa harusi, kwa muziki. Wenyeji wanaoupokea na kuulisha ni upande wa bibi harusi. Tafsiri: msafara wa bwana harusi.

*Kanyadan* na *saptapadi.* Chini ya kibanda kilichopambwa, wazazi wanamtoa binti. Kisha maharusi wanapiga hatua saba mbele ya moto.

*Vidai.* Kuagana. Binti anaondoka kwao, na kilio ni sehemu ya desturi.

Orodha hii inatudai uangalifu kati ya maneno mawili tunayoyachanganya kila siku, *harusi* na *ndoa*. Harusi ni sherehe. Ndoa ni kifungo. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya India, ya mwaka 1955, inasema kwamba pale ambapo saptapadi ni sehemu ya ibada, ndoa inakamilika hatua ya saba inapopigwa. Basi siku zote za hina, manjano na garba ni harusi bila ndoa. Mfasiri akiandika kwamba wageni walikuja kwenye ndoa siku ya hina, amewaozesha watu kabla ya wakati.

Jambo lingine linaonekana hapa. Kiswahili kimepokea kutoka lugha za India maneno kama *chapati*, *bajia*, *bima* na *laki*, lakini katika orodha ya juu, ukiacha hina iliyotujia kwa Kiarabu, hakuna neno la ibada tulilolipokea. Maneno ya mkopo huonyesha mahali watu walipokutana. Waswahili na Wahindi walikutana dukani na jikoni. Chini ya kile kibanda walikutana mara chache. Kwa hiyo mfasiri hana neno la kurithi, na hapo ndipo anapochukua lililo karibu.

3. Neno moja, njia tatu

Tuangalie sasa mali inayobadilishana mikono. Swali la kuuliza ni moja: inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani?

(a) *Mahari.* Neno limetoka Kiarabu, *mahr*. Katika sheria ya Kiislamu, mali inatoka kwa mume na kuwa haki ya mke mwenyewe. Pwani, vitu wapewavyo wazazi vina majina ya pembeni: *kilemba* cha baba, *mkaja* wa mama.

(b) *Mali*, au *mbuzi*, kama tunavyosema kwetu. Inatoka kwa mume na ndugu zake na kwenda kwa wazazi wa mke. Kifungu cha 361 cha Sheria ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987, kinasema hivyo hivyo, na kuiita *dot*.

(c) *Dahej*, neno la Kihindi. Mali inatoka kwa wazazi wa mke na kwenda kwa mume na wazazi wake.

Njia ya tatu ni kinyume cha ya pili. Lakini Kifaransa kinaziita zote mbili *dot*. Kwa asili, neno hilo, kutoka Kilatini *dos*, ni mali ambayo mwanamke huingia nayo katika ndoa. Yaani maana yake ya kwanza iko karibu na (c). Wakoloni walipofika kwetu na kuona mbuzi wakihesabiwa, walitumia neno walilokuwa nalo, na likageuka upande. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili nazo zimezoea kufasiri *dowry* kuwa *mahari*, na hapo mshale unageuzwa tena.

Je, hili ni suala la wanaisimu peke yao? Hapana. India ilipiga marufuku dahej kwa sheria ya mwaka 1961. Mwaka 1986 iliongeza katika sheria ya jinai kosa la kifo cha dahej: mke anapokufa kifo kisicho cha kawaida ndani ya miaka 7 ya ndoa, baada ya kuteswa kwa ajili ya mali hiyo. Takwimu za serikali ya India za mwaka 2022 zina vifo vya aina hiyo zaidi ya 6,000. Sasa fikiria redio inasoma habari: «Mwanamke ameuawa kwa sababu ya mahari.» Msikilizaji wa Mangina ataelewa nini? Ataona mume ambaye hajamaliza kutoa mbuzi, na wakwe wanaodai. Mdaiwa amekuwa mdai. Wazazi waliofilisika ili binti yao asipigwe wameonekana wachoyo, na waliomtesa wameonekana wanaonewa. Kila neno katika sentensi ni Kiswahili sanifu, na habari yote ni ya uongo.

Watunga sheria wa India wenyewe waliuona mtego huu. Sheria ya 1961, inapofasili dahej, inasema wazi kwamba mahari ya Waislamu haimo. Waliona umuhimu wa kutenganisha maneno mawili. Sisi hatuna sababu ya kuyaunganisha.

4. Kitenzi nacho kina mshale

Sarufi yetu ina mwelekeo vilevile. Kijana *anaoa*, binti *anaolewa*, baba *anaoza* (wengi husema *anaozesha*, ili binti asisikike kama embe lililoharibika). Pia wawili *wanaoana*. Kanyadan, kwa maana ya maneno yake, ni kutoa binti kama sadaka: *kanya* ni msichana, *dana* ni kutoa. Kitenzi chake ni *kuozesha*. Lakini katika saptapadi wote wawili wanapiga hatua, na hakuna anayemtoa mwenzake. Kitenzi chake ni *kuoana*. Katika saa ileile, chini ya kibanda kilekile, tafsiri nzuri itabadilisha kiambishi. Anayeandika *kuoa* mwanzo hadi mwisho amefuta tofauti ambayo wenye harusi wanaicheza mbele ya wageni wao wote.

5. Pendekezo na zoezi

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, *mahari* libaki kwa mali itokayo kwa mume. Na kwa desturi yetu tuandike *mali* au *mbuzi*, kama wasemavyo wenyewe. Pili, kwa (c) tukope neno na kulivalisha sauti zetu, *daheji*, na kila linapotokea mara ya kwanza tuongeze maelezo: mali ambayo upande wa mke humpa mume na wazazi wake. Tatu, kila tunapokutana na *dot* katika maandishi ya Kifaransa, tusitafsiri kabla hatujachora mshale pembeni ya ukurasa.

Kwa mazoezi, tafsiri sentensi hizi tatu, kisha mpe mtu asiyesoma isimu akueleze nani alitoa na nani alipokea:

1. *À Mangina, la dot a été versée avant la récolte.*
2. *À Delhi, la famille du mari réclamait encore la dot.*
3. *À Zanzibar, l'épouse a gardé sa dot après le divorce.*

Akikujibu sawasawa mara tatu, tafsiri yako imefika. Akijibu jambo lilelile kwa zote, rudi kwenye mshale.