SOMO LA AFYA: KULALA VIZURI UKIWA SAFARINI



Kila mwezi wapo wenzetu wanaotoka kambini kwa rufaa ya hospitali, na wengine wanaosafiri kwenda kuishi nchi ya tatu. Njiani hulala gesti, kituo cha wasafiri au hotelini. Asiyelala vizuri huchoka, husahau dawa zake na hushindwa kumsikiliza daktari. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12.

Kwa nini usingizi hukataa?

Usiku wa kwanza mahali pageni, ubongo haupumziki wote. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba upande mmoja hubaki macho kidogo, kama mlinzi. Kwa hiyo usiogope. Usiku wa pili huwa afadhali.

Kabla ya kulala

1. Kagua chandarua. Kiinue kwenye mwanga, funga matundu kwa uzi, kisha chomeka pindo chini ya godoro. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Mjamzito na watoto wadogo wapewe nafasi ya kwanza.

2. Tazama mishono ya godoro. Ukiona kunguni au madoa meusi, omba chumba kingine. Mzigo usiuweke kitandani.

3. Usinywe chai ya majani wala kahawa kuanzia alasiri. Pombe huleta usingizi haraka, lakini hukuamsha katikati ya usiku.

4. Beba kitu cha nyumbani, kama kitenge au shuka lako. Harufu unayoizoea hutuliza, hasa watoto.

5. Jua mlango wa kutokea uko wapi iwapo moto utatokea.

HATARI: Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba, hata kama kuna baridi na hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huua familia nzima usingizini. Omba blanketi la pili.

Wanaokwenda mbali

Wakati wa baridi, ikiwa New York ni saa 2 usiku, Kigoma ni saa 10 alfajiri. Mwili bado unafuata saa za huku, na hujirekebisha kwa takriban saa moja kila siku. Ukifika, toka nje upate mwanga wa mchana, kula kwa saa za huko, na usilale mchana kwa muda mrefu. Dawa za kila siku, kama za kifua kikuu au ARV, ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Muulize mhudumu wa afya kabla ya safari namna ya kubadilisha saa za kumeza.

Ndoto mbaya

Mahali pageni huweza kuamsha kumbukumbu za vita. Ukishtuka, washa taa, taja jina la mahali ulipo, pumua polepole. Usinunue vidonge vya usingizi dukani. Hali ikiendelea, mwone mshauri nasaha, si aibu.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Nani katika familia yetu anasafiri karibuni, na chandarua chake kikoje?
- Kwa nini jiko la mkaa ni hatari hata likiwa halitoi moshi?
- Dawa zetu tutazibeba wapi?