Kima cha Mshahara Nilichokitenga kwa Ajili ya Uzee

Mwaka 2014, nikiwa na umri wa miaka 36, naliacha kazi yangu ya kwanza katika afisi moja ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na kwa kuwa sikuwa na akiba ya kunivusha hata mwezi mmoja, nikaenda nikatwaa katika mfuko wa pensheni michango yangu yote, pamoja na ile sehemu ya fungu la mwajiri ambayo kanuni ziliniruhusu. Zilikuwa takriban shilingi 200,000. Sikuzifuja hata kidogo. Katika miezi minne ya kutafuta kazi nyingine zilikwenda kwa kodi ya nyumba, karo na posho ya kila siku, zikesha. Lakini lau fedha zile zingaliachwa mahali pake zikakua kwa asilimia 7 kwa mwaka, zingalipita milioni moja siku nitakapotimiza miaka 60.

Linalonihuzunisha mpaka leo ni kwamba taksiri ile haikutokana na kuweka kidogo. Nalikuwa nikiweka asilimia 15 ya mshahara, fauka ya kato la lazima, kwa sababu nalikuwa nimeyaona yaliyomfika ami yangu, karani wa bohari huko Shimanzi, ambaye alistaafu zama zile ambazo mfanyakazi hakukatwa na NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, zaidi ya shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza kadiri hiyo hiyo, utaratibu uliodumu hadi Februari 2023. Hata mtu akikatwa hivyo miaka 20 mfululizo, jumla yake ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Ami aliniita barazani akaniambia, "Mwanangu, hesabu yako usiifanye kwa shilingi. Shilingi huzeeka kabla ya mwenyewe." Ndipo nikajua kwa nini yapasa kuhesabu kwa asilimia, ili mchango upande pamoja na mshahara, ila katika hamasa yangu nikasahau kwamba mtu aliyefunga fedha zake zote kwa ajili ya uzee hana cha kushika itakapomjia shida ya kesho asubuhi, na shida hiyo ndiyo itakayomrudisha mfukoni kubomoa alichokijenga.

Basi nilipopata kazi ya pili nalishika kanuni moja, nayo ni kuweka kima ambacho nitaweza kukiacha bila ya kukigusa, hata kama ajira itakoma ghafula. Kwa muda wa mwaka na nusu sikuongeza hata senti juu ya kato la lazima. Nalikusanya kwanza masurufu ya miezi minne katika akaunti ya benki. Watu wengi hapa kwetu hudhani kwamba amana za sako zatosha kwa kazi hii, lakini amana hizo aghalabu hazitoki mpaka mtu ajitoe uanachama, na akopaye kwa dhamana yake huwa ameongeza kato jingine siku ile ile ambayo mshahara umekatika.

Akiba ile ilipokamilika, tulikaa mimi na mke wangu na daftari la matumizi ya miezi mitatu, tukapitia kila mstari tukiulizana kama gharama hii itakuwapo tukiwa na miaka 65. Karo tukaifuta. Kodi tukaifuta pia, maadamu tunajenga katika kiwanja cha urithi wa baba yangu huko Kisauni, ingawa mke wangu alinikumbusha kwamba nyumba ya pwani hula bati na rangi kwa chumvi ya bahari, tukaandika fungu la ukarabati. Dawa tukazizidisha mara tatu. Msaada wa watoto hatukuuandika, si kwa kuwa hatuwarajui, bali kwa kuwa wao nao watakuwa na watoto wa kusomesha. Jumla ilikaribia nusu ya mshahara, na kwa hesabu hiyo nikaenda kwa wasimamizi wa mfuko wanikadirie ni asilimia ngapi itakayonifikisha huko.

Naeleza hesabu ya mchango wenyewe kwa mfano wa mshahara wa shilingi 60,000. Kato la NSSF ni asilimia 6, yaani shilingi 3,600, na mwajiri hutoa kadiri hiyo hiyo. Ulipofika Februari 2025 ukomo wa mshahara unaokatwa ulikuwa shilingi 72,000, kwa hiyo mshahara huu wote umo ndani yake. Mtu akiongeza kwa hiari asilimia 6 nyingine, 3,600 hizo hutolewa katika mapato kabla ya kodi kuhesabiwa, na kwa kuwa kodi ya sehemu hiyo ya juu ni asilimia 30, atapunguziwa shilingi 1,080, hata mfukoni mwake zitoke 2,520 tu. Tangu mwisho wa 2024 ukomo wa msamaha huo ni shilingi 30,000 kwa mwezi, ambao wengi wetu hatutaukaribia. Na ikiwa mwajiri ana mpango wa pensheni ambamo yuko tayari kuongeza sawa na wewe, fikia kwanza kile kiwango chake cha juu kabla ya kufikiri jambo jingine lolote, kwani hiyo ni sehemu ya ujira wako.

Kadhalika, omba taarifa ya michango kila mwaka uilinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Mwajiri mmoja niliyemfanyia kazi alinikata miezi mitano bila ya kupeleka fedha, nami nikayajua hayo kwa kuwa tu nilikaa na kalamu nikahesabu. Zililipwa baada ya barua tatu.

Nalianza na asilimia 4 ya hiari, na kila nyongeza ya mshahara inapokuja humwandikia mhasibu, kabla fedha hazijanifikia na nyumba haijazizoea, apandishe mchango wangu kwa asilimia moja. Leo nimefika 9. Karo ya kifungua mimba wetu inakwisha Novemba mwakani, na barua ya kufikisha 12 nimekwisha kuiandika; haijatiwa tarehe.